Damu Yetu, Majibu ya Nani? Mjadala wa Navakholo Kuhusu Kujitolea kwa Utafiti wa Kisukari

HOJA: Je, mkazi wa Navakholo mwenye kisukari, presha, rovu au tatizo jingine la homoni ajitolee kwa utafiti wa tiba?

Kwa miaka mingi magonjwa yaliyotushughulisha katika sehemu hizi za Kakamega yalikuwa malaria, kifua kikuu na Ukimwi. Sasa kisukari na presha vimeingia kila boma, na nyuma yake wamekuja watafiti. Magharibi mwa Kenya wako wengi: Chuo Kikuu cha Moi na washirika wake wa mpango wa AMPATH, ulioanza mwaka 2001 mjini Eldoret, taasisi ya KEMRI upande wa Kisumu, na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro hapa hapa mjini Kakamega. Wote wanahitaji kitu kimoja ambacho pesa pekee haiwezi kununua, nacho ni mtu aliye tayari kutoa damu yake, muda wake na habari za mwili wake.

Wasemaji sita wa mjadala huu, akiwemo Kukhu, yaani nyanya, nimewabuni mimi. Hoja zao sikuzibuni. Ni zile zinazosikika kwenye foleni ya kliniki, kwenye steji ya bodaboda na kwenye baraza la chifu. Takwimu na matukio ya kihistoria wanayoyataja ni ya kweli.

MUUGUZI: Nitaanza na ugonjwa wenyewe. Kongosho hutoa homoni iitwayo insulini, na kazi ya homoni hiyo ni kuiwezesha sukari iliyo kwenye damu kuingia katika seli iwe nguvu. Insulini ikikosekana, au mwili ukiacha kuitii, sukari hubaki kwenye damu na kuharibu macho, figo na mishipa ya miguu. Mwanzoni haiumi. Mtu atalima, ataoza watoto, atahudhuria matanga ya wenzake, kumbe sukari inamla polepole. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulibaini kwamba takriban asilimia 88 ya watu wazima nchini walikuwa hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja. Kwa hiyo mtu akiniuliza utafiti ni wa nini, jibu langu ni kwamba bado hatujijui.

MKULIMA WA MIWA: Sista, mimi sipingi kupimwa. Nipime hata sasa. Ninachokataa ni kujaribiwa. Watu walipita hapa na mikoba, wakachukua damu, wakaandika majina na namba za simu, wakashukuru sana, wakaenda. Mpaka leo hakuna aliyerudi kutuambia walichokiona. Mke wangu aliulizwa na jirani, "Ile damu mliuza pesa ngapi?" Hakuwa na jibu. Mimi nikipeleka miwa kiwandani napewa risiti ya uzani. Damu yangu imepimwa, risiti iko wapi?

MTAFITI KIJANA: Mzee, lawama hiyo naipokea, na sitaitetea. Kutorudisha matokeo ni kosa la watafiti, wala si la wananchi kutoelewa. Lakini naomba nieleze kwa nini tunahitaji damu ya hapa wakati vitabu vya Ulaya na Marekani vimejaa majibu. Kuna kipimo kinachoitwa HbA1c. Sukari hunata kwenye chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa chembe hizo huishi takriban siku 120, kipimo hiki huonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili au mitatu iliyopita. Ukifika asilimia 6.5, daktari anasema una kisukari.

MUUGUZI: Na ndicho kipimo tunachokisifu kwa sababu hakimlazimu mtu kulala njaa.

MTAFITI: Ndiyo, sista. Sasa tazama. Eneo letu ni la malaria, na kwa sababu hiyo watu wengi hapa wamerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja. Si wagonjwa; jeni hiyo moja huwakinga dhidi ya malaria kali. Utafiti wa Wamarekani weusi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mwenye jeni hiyo, HbA1c yake husoma chini kwa takriban 0.3 kuliko mwenzake asiye nayo, ilhali sukari yao ni sawa. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao nao huambatana na maeneo ya malaria, huishusha namba zaidi. Mtu anaambiwa yuko salama, kumbe kisukari kimeshaanza. Kosa hilo halionekani mpaka watu wenye damu kama yetu wapimwe.

MKULIMA: Kwa hiyo kipimo kinaweza kunidanganya?

MTAFITI: Kinaweza kukudanganya wewe bila kumdanganya aliyekitengeneza. Na si kipimo peke yake. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa vijana na watoto 894 kutoka Kameruni, Uganda na Afrika Kusini, wote wakiwa wameandikiwa kisukari cha aina ya kwanza. Aina hiyo, tunavyofundishwa, hutokea pale kinga ya mwili inapoishambulia kongosho. Asilimia 65 ya vijana hao hawakuwa na dalili za kawaida za shambulio hilo kwenye damu. Maana yake ni kwamba huenda wengi wana ugonjwa wa namna nyingine ambayo vitabu havijaieleza sawasawa. Jambo hili lingejulikanaje kama vijana hao 894 na wazazi wao wangekataa?

KUKHU: Wanangu, niacheni niseme. Nina sukari mwaka wa kumi na kitu sasa. Mhudumu wetu wa afya ya jamii alipopewa mkoba wake, ile mikoba iliyotolewa na serikali mwaka 2023, alianza kuja nyumbani. Hufuta kidole changu kwa pamba, akanidunga pembeni mwa kidole, si kwenye ncha, maana pembeni hapaumi sana. Tone la kwanza hulipangusa. La pili ndilo hugusisha kile kikaratasi. Tunanyamaza sote mashine ikihesabu. Namba ikitokea hunigeuzia mimi kwanza niione, ndipo aiandike kwenye daftari lake. Huyo nimempa damu mara nyingi na sijawahi kumuuliza anaipeleka wapi. Jibu nimeliona kwa macho yangu. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni mtafiti akija, ni nani anayepona?

MTAFITI: Kukhu, ukweli ni kwamba huenda usipone wewe. Utafiti si matibabu, na mtafiti asiyelisema hilo waziwazi anamdanganya mgonjwa. Katika majaribio mengi kompyuta hupiga kura: huyu apewe dawa mpya, yule aendelee na ya zamani, na pengine mwingine apewe kidonge kisicho na dawa ndani. Wewe hujui uko kundi gani, na mara nyingi hata daktari hajui. Inafanywa hivyo ili jibu lisipotoshwe na matumaini yetu.

MKULIMA: Mnasikia? Mtu ni mgonjwa, anapewa kidonge kitupu!

MUUGUZI: Si hivyo, mzee. Palipo na dawa inayofanya kazi, si halali kumnyima mgonjwa matibabu kwa kisingizio cha utafiti. Kidonge kitupu kwa kawaida huongezwa juu ya dawa zake za kila siku. Hilo ni swali la kuuliza kabla ya kutia sahihi. Lakini tusisahau tulikotoka. Kabla ya mwaka 1922 mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza alikuwa wa kufa tu. Januari 11 mwaka huo, katika hospitali moja ya Toronto, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa dondoo la kongosho. Lilikuwa na uchafu, likamletea mzio, na halikumsaidia sana. Wataalamu wakalisafisha, wakamdunga tena Januari 23, sukari ikashuka. Kila chupa ya insulini iliyo kwenye friji ya hospitali leo inatokana na mtu aliyekubali kuwa wa kwanza.

MKULIMA: Yule alikuwa anakufa, sista. Hakuwa na cha kupoteza. Mimi natembea, nalima, nalisha watu. Na mbona hamtaji Kano? Mwaka 1996 kulikuwa na mlipuko wa homa ya uti wa mgongo kaskazini mwa Nigeria. Kampuni ya Pfizer ikaja na dawa iitwayo Trovan, ikaijaribu kwa watoto. Watoto takriban 200 waliingizwa, nusu wakapewa dawa hiyo na nusu dawa nyingine. Kumi na mmoja wakafa. Wazazi walisema hawakuelezwa kwamba hayo yalikuwa majaribio. Kampuni ilikana kosa, lakini mwaka 2009 ikakubaliana na jimbo la Kano kulipa dola milioni 75. Miaka 13! Wakati wa kutafuta haki, mkulima wa Navakholo atasimama na nani?

MWALIMU MSTAAFU: Atasimama na sheria, mzee, mradi aijue. Niruhusuni nizipange. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe kabla ya kukubali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka habari za afya katika kundi la habari nyeti. Mtafiti hawezi kuanza bila leseni ya NACOSTI, tume iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, wala bila idhini ya kamati ya maadili. Akijaribu dawa, lazima apite pia kwa Bodi ya Famasia na Sumu, na bodi hiyo inadai bima kwa ajili ya washiriki. Juu ya hayo kuna Azimio la Helsinki, mwongozo wa madaktari duniani tangu mwaka 1964, lililopitiwa upya Oktoba 2024.

MKULIMA: Mwalimu, hizo ni karatasi.

MWALIMU: Ni karatasi mpaka mtu azidai. Mtafiti akifika bomani kwako, mwambie akuonyeshe leseni yake na barua ya kamati ya maadili, na namba ya simu ya kamati hiyo, siyo yake yeye. Na tuelewane katika jambo moja: chifu anaweza kumkaribisha mtafiti barazani, lakini hawezi kukukubalia. Mume hawezi kumkubalia mkewe. Idhini ni ya mwenye mwili.

KUKHU: Hapo umesema, mwalimu. Tena ile fomu. Wanakuja na kurasa nyingi za Kiingereza, wanaonyesha mahali pa kutia kidole. Mimi husoma Kiswahili kidogo, lakini ugonjwa wangu nauelewa kwa Kinyala. Mtu anisomee polepole, kisha aniambie nimrudishie kwa maneno yangu nilichoelewa. Nikishindwa, asinishike kidole.

MWENDESHA BODA: Mimi swali langu ni nauli. Nawabeba wagonjwa hawa kila siku, kutoka Nambacha, kutoka Sivilie, na wengine mpaka Kakamega mjini kupitia Ingotse. Mgonjwa anaacha shamba, anashinda njaa mpaka saa sita kwa sababu ya kipimo, analipa kwenda na kurudi. Mkimwambia ajitolee bure, mnamfukarisha. Mkimpa pesa nyingi, atakubali hata asichokipenda. Lipi bora?

MUUGUZI: Kaunti yetu inalijua swali hilo. Mpango wa kina mama wa Kakamega, ulioanza mwaka 2013, ulimpa mama shilingi 2,000 kwa kila hatua ya kliniki na kujifungua, jumla 12,000. Hakuna aliyesema mama ameuza mimba yake. Pesa zilimwondolea kikwazo cha kufika.

MWALIMU: Ila kuna tofauti, sista. Mama yule alilipwa afuate huduma iliyokwisha kuthibitishwa kuwa na manufaa. Mshiriki wa utafiti anaingia katika jambo ambalo faida yake haijajulikana. Kwa hiyo alipwe nauli, chakula na siku aliyopoteza. Malipo yasifike kiasi cha kumfumba macho.

MWENDESHA BODA: Na wako watakaojiandikisha tafiti mbili kwa wakati mmoja ili wapate nauli mara mbili. Nimewasikia wakipanga.

MTAFITI: Hapo ndipo mtu huumia. Dawa mbili za kushusha sukari zikikutana katika mwili mmoja bila daktari kujua, sukari inaweza kushuka ghafla mpaka mtu azirai au afe. Anayeficha anaidanganya pia dawa yenyewe: itaonekana inafanya kazi kumbe ni ile nyingine. Afadhali nauli iwe ya haki, ili asiwepo mwenye sababu ya kudanganya. Na niongeze: si kila utafiti ni sindano. AMPATH iliendesha utafiti hapa magharibi mwa Kenya kwa watu 2,890 wenye kisukari au presha, katika vituo 24. Waliopewa huduma ya kawaida walilinganishwa na waliowekwa kwenye vyama vya kuweka na kukopa, waliotibiwa kwa vikundi, na waliopata vyote viwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021.

KUKHU: Chama kilishinda?

MTAFITI: Presha ilishuka katika makundi yote, Kukhu. Ilishuka zaidi kidogo kwa waliopata chama na kikundi pamoja, lakini tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuondoa shaka kwamba ni bahati tu.

MKULIMA: Kwa hiyo walipoteza muda.

MUUGUZI: Hawakupoteza, mzee. Bila watu hao 2,890, kila kaunti ingeweza kumwaga mamilioni kwenye mpango unaosikika vizuri, ikiamini unatibu. Jibu la "bado hatuna uhakika" nalo linaokoa pesa za dawa.

KUKHU: Nina moja la mwisho. Tuseme nimeingia, kura ikaniangukia, dawa mpya ikanipenda. Sukari ikatulia, miguu ikaacha kuwaka moto. Utafiti ukaisha. Kesho yake nitameza nini?

MWALIMU: Azimio la Helsinki linasema mpango wa baada ya majaribio upangwe kabla hayajaanza, kwa mshiriki ambaye bado anahitaji tiba iliyomsaidia, na aelezwe wakati wa kuomba idhini.

KUKHU: Linasema. Nani ataniandikia?

MTAFITI: Iandikwe kwenye fomu. Isipoandikwa, usitie kidole.

MKULIMA: Basi na mimi niseme msimamo wangu. Leo sijitolei. Aliyechukua damu yetu arudi kwanza asome majibu yake barazani, hata kama jibu ni kwamba hakuona kitu. Akirudi, nitafikiri upya. Na kukataa kwangu kusinifanye nihudumiwe wa mwisho kliniki.

MUUGUZI: Haki yako, mzee. Dawa zako hazihusiani na ndiyo wala hapana yako.

UAMUZI WA MWANDISHI

Nimewasikiliza wote sita, na naegemea upande wa kujitolea. Sababu yangu kubwa ni ile ya HbA1c na wale vijana 894. Tiba ya kisukari inayotumika hapa imekatwa kwa vipimo vya miili mingine, na mahali isipotukaa, anayeumia ni mgonjwa wetu aliyeambiwa yuko salama. Kasoro hiyo haiwezi kurekebishwa kutoka Toronto au London. Itarekebishwa na watu wa Navakholo, Malava, Mumias na Butere wakikubali kupimwa kwa utaratibu, tena na tena, kwa miaka.

Lakini mkulima amenishinda katika jambo moja, na silipuuzi. Mtu hawezi kuitwa aliyejitolea kama hakuwa na nafasi ya kusema hapana bila kupoteza chochote, wala kama hajui alichosaidia kupatikana. Mhudumu wa Kukhu anaaminika kwa sababu anamgeuzia namba aione kabla ya kuiandika. Tafiti kubwa zinadaiwa tabia hiyohiyo. Kitabu cha kitaalamu kinachosomwa ng'ambo hakimlipi mtu aliyeshinda njaa asubuhi nzima pale kliniki.

Kwa hiyo, msomaji, ukiombwa, uliza haya kabla ya kutia sahihi. Mnatafuta nini, na je, ni utafiti au ni matibabu yangu? Dawa ninazotumia zitaendelea? Kura ikipigwa, naweza kuangukia wapi? Damu itahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na itatumika kwa jambo jingine? Nikiumia, nani atagharamia? Nikitaka kutoka katikati, nitoke vipi? Dawa ikinisaidia, nitaipata baada ya utafiti kwisha? Na mtarudi lini kutusomea matokeo? Mtafiti wa kweli hatachukizwa na hata moja kati ya maswali hayo. Anayechukizwa, mwonyeshe njia.

Kwa serikali ya kaunti na kamati za maadili, ombi ni moja: tarehe ya kurudisha matokeo barazani iandikwe kwenye fomu ya idhini, kwa Kiswahili, na ielezwe kwa lugha ya nyumbani. Asiyerudi asipewe kibali cha utafiti wa pili. Mkifanya hivyo, mkulima yule hatahitaji kubembelezwa.